Kifagio Kilichobaki Gitega

Buhinyuza, 20 Januari 2025

Mwanangu Jeska,

Salamu. Sisi tu wazima. Mama yako mkubwa Anisia anakohoa kidogo, lakini analima.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, umepita hapa kilimani tangu kabla ya Noeli. Katika nyumba kumi na nne za kikundi cha kina mama, wamebaki kuku thelathini na mmoja na majogoo watatu. Kuku anayeatamia huacha kutaga, na anayetaga haatamii. Kwa mwendo huo kilima hiki hakitakuwa na kuku wa kutosha kabla ya miaka miwili.

Ulipokuja mwezi wa nane ulisema, mbele ya watu, kwamba unaweza kutengeneza ubongo wa sanduku la kutotoleshea mayai. Kina mama hawajasahau. Wameniuliza, nami nimewajibu kwamba binti wa marehemu mdogo wangu hasemi asichokijua. Bonifasi seremala amemaliza sanduku. Betri ya lori na paneli ya sola zipo. Kinachokosekana ni hicho chako.

Mayai yataanza kukusanywa tarehe 3 Februari. Yai likikaa nje zaidi ya wiki moja huanza kupoteza uhai. Kwa hiyo tarehe 10 lazima yaingie. Mayai hayangoji.

Nijibu kwa barua. Simu yangu ni ya vitufe, na mtandao haupatikani mpaka mtu apande kanisani. Unakumbuka mwaka jana tulipojaribu kutajiana kwa simu mabano ya programu yako: tulipoteza asubuhi nzima, na mwisho ukalia. Andika kwenye karatasi.

Baba yako mkubwa,
Nazario


Yoba, Gitega, 5 Februari 2025

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Poleni sana kwa kuku.

Ubongo huu hapa, umefungwa katika kopo la maziwa ya unga. Anayeuleta ni Mushagalusa, Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala, wale dagaa wa Tanganyika. Amepanga chumba jirani nami na kila wiki huenda soko la Muyinga. Anaongea sana lakini hapotezi kitu.

Nikueleze nilichofanya, maana najua hutakigusa kabla ya kukielewa. Ubongo huo, yaani kidhibiti, ni kompyuta nzima, ingawa hakizidi ukucha wa dole gumba. Chenyewe hakielewi lugha ya mtu. Kwa hiyo ndani yake nimemweka mkalimani, yaani programu inayosoma sentensi moja, ikaitimiza, kisha ikangoja nyingine. Lugha anayoifahamu inaitwa Lisp. Ningeweza kuandika amri zote mara moja na kuzifunga humo, lakini mimi niko Gitega na mayai yako Buhinyuza. Kila badiliko dogo lingehitaji kidhibiti kirudi kwangu. Mkalimani akiwemo, unachomeka ile kompyuta mpakato niliyokuachia, unaandika mwenyewe, naye anatii papo hapo.

Sikumnunua. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, nami nimeujenga mwenyewe kutoka mstari wa kwanza, saa zile ambazo umeme ulikuwapo. Mara ya kwanza ulizidi nafasi ya kidhibiti karibu maradufu. Nikaanza kupunguza. Nimeondoa desimali, kwa hiyo nyuzi 37.3 tunaandika 373. Nimeondoa maneno ya Kiingereza, nikaweka ya kwetu. Nimeondoa na mambo mengine machache ambayo hutayahitaji.

Programu yote imeshakaa ndani. Wewe nimekuachia sehemu moja tu, naiita somo. Lina mistari sita, nimeliandika kwa kalamu nyekundu ukurasa wa nyuma. Moyo wake ni huu, yaani joto likishuka chini ya nyuzi 37.3 balbu za kupasha mayai ziwake, likipanda zizimike:

(kama (< joto 373) (washa balbu) (zima balbu))

Ukitaka kubadilisha kiwango cha joto, andika somo lote upya kwa namba mpya, kisha andika (hifadhi). Mashine italia mara tatu kwa siku kukumbusha kugeuza mayai.

Nimefanya haraka, Baba Mkubwa, lakini nimefanya kwa moyo.

Mwanao,
Jeska


Buhinyuza, 11 Februari 2025

Mwanangu Jeska,

Mkongomani wako amefika Jumamosi. Kopo lilikuwa salama. Barua inanuka ndagala, na Anisia amekataa kuiweka pamoja na Biblia.

Mayai yameingia jana, mia moja na themanini. Wa kwanza kuja alikuwa Kasilda, yule mjane wa nyumba ya chini ambaye hakukimbilia Tanzania. Alileta ishirini na mawili, ndiyo yote aliyokuwa nayo. Alitazama sanduku, akatazama waya, akaniambia:

“Nyinyi mliotoka Tanzania mmerudi na maneno mengi. Sasa mmerudi na kuku wa mbao.”

“Kasilda, nani anakulazimisha kuleta?”

“Njaa,” akasema, akayapanga mwenyewe, moja moja, kama anayelaza watoto.

Wengine walimwona, nao wakaleta. Basi uelewe jinsi jambo lilivyo. Mayai haya hayakuliwa na hayakuuzwa. Ni mbegu ya kilima kizima. Yakioza, kina mama hawatakulaumu wewe, kwa sababu hawakujui vizuri. Watarudi katika ile desturi ya zamani ya kusema kwamba sisi tuliorudi tunaongea kama redio na kulima kama wageni. Nimechukua miaka kumi na tano kuinyamazisha.

Mashine inafanya kazi. Kipimajoto kinaonyesha 37 na nusu, kikishuka balbu zinawaka, kikipanda zinazimika. Nimekaa mbele yake saa nzima na sikuona kosa. Kila asubuhi nitatimiza somo kama inavyotakiwa, na Anisia atageuza mayai.

Simu nimeizima kabisa. Umeme wa betri ni wa mayai.

Nazario


Yoba, 14 Februari 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimefurahi, na sikulala vizuri, sijui kipi kwanza.

Huku mawingu yamekaa siku tatu. Je, kwenu jua lipo? Betri ikidhoofika, funikeni sanduku kwa blanketi pande nne, juu muache wazi. Je, kidhibiti kimewahi kusita? Kikiandika “Kosa” na namba, niandikieni siku hiyo hiyo. Msijaribu kukirekebisha.

Hapa karakana wananiita Mama Vifaranga. Nacheka nao. Kila nikitengeneza redio ya mtu nasikia hizo balbu zenu zikiwaka na kuzimika.

Niandikie namba za joto, hata kama ni zile zile.

Jeska


Buhinyuza, 18 Februari 2025

Mwanangu Jeska,

Namba ni zile zile. Nakutumia karatasi yenye vipimo vya siku nane, asubuhi, adhuhuri na jioni. Utaona kwamba havikupungua 37 wala kuzidi 38. Jua ni hafifu lakini linatosha.

Jana, siku ya saba, tumepima mayai kwa tochi. Anisia aliangalia, mimi niliandika. Kumi na saba hayakuwa na kitu. Mia moja na sitini na matatu yana mishipa. Kina mama walipanga mstari kutazama. Kasilda alishika yai moja mbele ya tochi akauliza kama kile kinachotikisika ndani ni moyo. Nikamwambia ndiyo. Sasa anasema sanduku, si kuku wa mbao.

Mashine haijasita. Unaniuliza maswali ya mtu mwenye hofu. Mtu akijenga nyumba yake vizuri, mvua ikinyesha hulala. Kama kuna jambo unalolijua, liseme. Kama hakuna, lala.

Kuhusu mwandiko wako: ni mdogo mno. Andika kwa herufi kubwa na uache nafasi kati ya mistari. Karatasi si dhahabu.

Nazario


Buhinyuza, 19 Februari 2025

Jeska mwanangu,

Ni mimi mama yako mkubwa. Naandikia hii kwa jirani yangu Lucia ili Mzee asijue. Nitampa Mushagalusa pamoja na ile yake ya jana, yeye ananunua maharage hapa hadi kesho.

Nataka ujue jambo. Macho ya Mzee hayaoni tena. Daktari wa Muyinga alimwambia tangu Novemba kuwa ni mtoto wa jicho, yote mawili, na apasuliwe. Mzee akasema ngoja mvua zipite. Barua zako namsomea mimi. Zake anaziandika mwenyewe kwa mazoea ya mkono, mistari ukiiona imenyooka ujue nimemshikia rula. Usimwambie nimekwambia. Mwalimu wa miaka thelathini kusomewa barua kama mtoto wa darasa la kwanza, kwake ni aibu kuliko kutembea uchi.

Lakini ungemwona na mashine yako ungefurahi. Kila siku saa moja asubuhi anavaa koti. Anafuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa, kama alivyokuwa akifuta ubao kule Ulyankulu, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Halafu anaandika somo lako lote upya, mistari yote sita, mimi namtajia yeye anabonyeza. Mwisho anaandika hifadhi. Nikamuuliza, mbona la jana lipo bado? Akasema mwalimu hafundishi siku ya leo kwa maandishi ya jana. Hajakosa hata siku moja.

Basi usiwe na wasiwasi. Anaitunza kazi yako.

Mama Anisia


Yoba, Jumamosi 22 Februari 2025

Baba Mkubwa,

Acha kuandika somo. Kuanzia asubuhi utakayopata barua hii, usiandike chochote kwenye mashine. Iache kama ilivyo. Hilo ndilo kubwa. Mengine ni maelezo. Simu yako nimeipiga, imezimwa.

Uliniambia kama kuna jambo ninalolijua niliseme. Lipo.

Kumbukumbu ya kidhibiti ni kama ukumbi wenye viti elfu moja na mia mbili. Kila unachoandika kinakwenda kukaa. Ukiandika somo jipya, la zamani haliitwi tena, lakini halijaondoka kitini. Katika msimbo wa mkalimani niliouona mwanzoni kulikuwa na sehemu inayopita ukumbini kila mara, kutazama nani haitwi tena, na kumtoa. Wenyewe tunaiita kifagio. Kifagio hicho nilikiacha hapa Gitega.

Nilikiacha kwa sababu hakikuenea. Ilikuwa tarehe 4, mayai yalishaanza kukusanywa, nami nilikuwa nimepunguza kila kitu na bado msimbo ulizidi kwa kiasi kidogo sana. Nikajiambia: somo wataliandika mara moja, labda mbili. Kazi za kila dakika nilizifanyia hila nyingine, zinarudisha viti vyake zenyewe zikimaliza. Sikuona hatari. Halafu nikaandika “mambo mengine machache ambayo hutayahitaji”, kwa sababu ulishasema mbele ya watu kwamba sisemi nisichokijua, nikaona haya kukuambia kwamba nimepeleka nyumba isiyo na ufagio.

Nimejua leo kwamba unaandika somo kila asubuhi. Usiulize nimejuaje. Nimekaa chini nikahesabu. Programu imekalia viti mia tano na ishirini. Kila somo linakalia arobaini. Leo umeshaandika mara kumi na tatu. Jumatano tarehe 26 itakuwa mara ya kumi na saba, na siku hiyo ukumbi utajaa hadi kiti cha mwisho. Mkalimani atasimama. Na akisimama wakati balbu zimewaka, zitabaki zimewaka.

Kuzima na kuwasha hakutasaidia, kwa sababu kila siku umehifadhi. Kama umechelewa na mashine imeandika Kosa 7, katika karatasi ya pili nimekuandikia programu yote, mistari thelathini na mmoja, kwa herufi kubwa. Andika kwanza (futa-yote), kisha iandike kuanzia juu.

Si kosa lako. Kuandika upya ulikuwa na haki, mashine kamili ingevumilia. Tafadhali usiwaambie kina mama mpaka nije mwenyewe. Ndiyo maana nimemwambia Mushagalusa aitie barua hii mkononi mwako na si kwa mtu mwingine yeyote.

Jeska


Muyinga, 25/02/2025

Dada Jeska,

Mi iko hapa Muyinga tangu siku ya Mungu, Jumapili. Barua yako iko na mimi, iko ndani ya sachet ya plastiki, haiwezi nuka ndagala tena, Mzee aache kunichekesha.

Lakini mafuta hakuna. Pikipiki zote zimelala ku station, watu wa taxi-moto wanacheza karata. Jana nilipata muntu wa velo, baiskeli, wa kwenda Buhinyuza, akasema nipe hiyo barua nitafikisha. Nikamukatalia. Juu we uliniambia mara tatu: mu mukono ya Mzee mwenyewe. Mi nashika neno.

Kesho kama pikipiki hakuna, naenda na miguu. Ndagala nitaziacha kwa shemeji. Simu sina, we unajua, hii nakutumia na chauffeur wa camion ya mihogo, ye ana mazout, mafuta ya camion, lakini anaenda Gitega, haendi Buhinyuza. Maisha ni hivyo.

Usiogope sana. Barua ni karatasi tu.

Mushagalusa


Yoba, 26 Februari 2025, saa tano asubuhi

Kaka Mushagalusa,

Mpe yeyote. Mwenye baiskeli, mtawa, askari, yeyote anayekwenda huko, hata kama ataifungua na kuisoma njiani. Nilikosea kukufunga kwa neno lile.

Dereva wako ameniletea barua sasa hivi, na leo ndiyo siku yenyewe. Anarudi mchana. Nakuandikia nikijua kwamba ukiisoma hii itakuwa haina kazi.

Jeska


Buhinyuza, 26 Februari 2025

Mwanangu Jeska,

Sijui barua hii itaondoka lini, wala na nani. Naiandika ili jambo liandikwe siku lilipotokea.

Leo saa moja asubuhi nilitimiza somo, nikahifadhi, nikaenda kupalilia maharage. Anisia alikwenda kwa Lucia, aliyefiwa na dada yake. Tumerudi saa sita na nusu. Balbu zilikuwa zinawaka. Kioo kiliandika Kosa 7. Kipimajoto kilikuwa 41.

Tumefungua kifuniko na kunyunyiza maji ya uvuguvugu. Nimechomoa waya wa kidhibiti na kuziunganisha balbu na swichi ya kawaida. Sasa mtu anakaa mbele ya kipimajoto: kikifika 37 anawasha, kikifika 38 anazima. Kina mama wamekuja wote na tumegawana zamu. Kwa tochi, trei ya chini inatikisika. Ya juu ni vigumu kusema.

Sasa nikuambie ukweli ambao nilipaswa kukuambia kabla sijapokea kazi yako. Sioni. Tangu Novemba herufi kwangu ni siafu wanaotembea juu ya karatasi. Daktari alinipa jina la ugonjwa na tarehe ya kupasuliwa, tarehe ikapita. Nilijua kwamba ukijua hutanikabidhi mashine, na wakati huo nilikuwa nimeshatoa neno langu kwa kina mama. Nilipiga herufi kwa kusikiliza tu. Bila shaka asubuhi ya leo nimebonyeza kitu nisichotakiwa kubonyeza, na nikaondoka kwa miguu yangu bila kutazama nyuma, kwa sababu kutazama hakunisaidii.

Nimewaambia kina mama hivyo hivyo. Nimesema: mashine ya binti ilikuwa sahihi, aliyeharibu ni mimi. Kasilda alikuwa amekaa juu ya kinu akitazama trei ya juu, maana mayai yake ndiyo yaliyoingia ya kwanza na yalipangwa huko.

Usije. Hakuna pikipiki, na hakuna utakachofanya ambacho mikono haifanyi. Omba tu.

Nazario


Buhinyuza, Alhamisi 6 Machi 2025

Mwanangu Jeska,

Majivu ya Kwaresima niliyopakwa jana bado yako kwenye paji la uso, kwa hiyo nitaandika bila kuzunguka.

Mushagalusa amefika tarehe 27 alasiri, kwa miguu, viatu vikiwa mkononi. Alikataa maji mpaka nishike barua. Nikaishika. Kisha nikampa Anisia aisome kwa sauti, kwa kuwa siri ya macho yangu nilishaivunja siku iliyotangulia. Zamu ilikuwa ya Kasilda. Hakuwa mtu wa kutolewa nje, mkono wake ulikuwa kwenye swichi. Basi barua yako uliyotaka niisome peke yangu imesikiwa na watu wanne, yote, pamoja na ukumbi na viti na kifagio. Anisia alipofika pale ulipoandika kwamba uliona haya, alitaka kuruka, lakini sikumruhusu.

Nilisikia mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwamba sikubonyeza vibaya. Na kwamba nilikuwa nikiijaza mashine kila asubuhi, nikiwa nimevaa koti. Nikakumbuka pia kwamba wewe uliandika wazi: ukitaka kubadilisha. Mimi sikutaka kubadilisha kitu. Nilitaka kuandika tu. Kwa hiyo usinipe ule msamaha wako wote. Sehemu yake nakurudishia.

Kuhusu wewe nasema hivi, mara moja tu. Kuondoa kifagio halikuwa kosa. Aliye na mzigo mkubwa na punda mdogo huchagua cha kuacha. Kosa ni kutoniambia kimeachwa. Ningejua, ningeliandika somo lako mara moja na kukunja mikono. Na barua ingepewa mwenye baiskeli Jumatatu, ingefika siku mbili kabla. Mushagalusa alipolisikia hilo alijipiga paji la uso, akasema, “Sasa mi nilikuwa nalinda nini?” Nikamwambia alikuwa analinda haya ya mtu mwingine, na kwamba ni kazi isiyo na malipo.

Baada ya hapo tuliandika programu. Wa kubonyeza alikuwa Mushagalusa, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Anisia alisoma, mimi nilihesabu mabano kwa vidole.

“Mzee, hapa nafunga mara ngapi?”

“Mara nne.”

“Nne yote? Hii si barua, ni mlango ya banki.”

“Ukifunga tatu, mkalimani hafungui.”

“Na nikifunga tano?”

“Unaanza upya, na unalipa chakula cha jioni.”

Alifunga nne. Kasilda alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka katika nyumba hii tangu Jumatano. Mstari wa thelathini na moja uliingia kabla jua halijazama, na balbu zikazimika zenyewe zilipotakiwa. Tangu hapo hakuna aliyegusa herufi moja. Nilikuwa naamka saa moja, navaa koti, nakaa mbele ya mashine na kuweka mikono magotini.

Vifaranga wameanza kulia ndani ya maganda Jumapili. Hadi Jumanne mchana wote waliokuwa wa kutoka walikuwa wametoka. Mayai yenye uhai yalikuwa mia moja na sitini na matatu. Wametoka tisini na mmoja. Ya trei ya juu mengi yalipikwa ile asubuhi. Katika mayai ishirini na mawili ya Kasilda wametoka wawili.

Kina mama walikutana jana baada ya misa. Nilisimama nikasema kwamba niliyowaambia tarehe 26 hayakuwa kamili. Nikawaeleza upande wako na upande wangu, kila mmoja kwa kipimo chake. Jeska, nilijua watakachosema, maana nimewasikia wakikisema kwa miaka kumi na tano. Na mmoja alianza: “Si tulisema, hawa wa Tanzania.” Kasilda alimkatiza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema kwa Kirundi, nikiyaweka katika lugha yetu:

“Nilikuwa na kuku aliyevunja mayai yake mwenyewe kwa sababu alipeleka mguu bila kutazama. Mara ya kwanza alivunja sita. Sikumchinja. Nilikaa naye kwenye kiota mpaka akajifunza kukaa. Huyo binti yuko wapi?”

Nikasema uko Gitega.

“Basi kiota kiko huku na yeye yuko Gitega. Hapo ndipo penye kosa.”

Wakakubaliana, wala hawakuniomba ushauri. Vifaranga tisini na mmoja wamegawanywa sawa kwa nyumba kumi na nne, sita kwa kila nyumba, na saba waliobaki wamepewa Kasilda. Duru ya pili itaanza tarehe 24 Machi. Mashine itatumika, kwa sharti moja: utakuwepo tangu yai la kwanza linapoingia hadi kifaranga wa mwisho anapotoka, siku zote ishirini na moja, na utakuwa na zamu kama wao. Kama watu wa karakana yako wanataka kukunyima ruhusa, nitawaandikia.

Kama unaweza kupata kidhibiti chenye ukumbi mkubwa zaidi, njoo na kifagio chako. Kama huwezi, njoo bila hicho na utuambie mapema. Tutaandika mara moja na kuacha.

Mimi nimekwenda Muyinga jana mchana nyuma ya baiskeli ya Bonifasi kuandikisha jina langu upya kwa ajili ya macho. Wamenipa mwezi wa nne. Barua hii imeandikwa na Anisia, mimi nikitamka. Nimemwambia asirekebishe kitu, amekubali, simwamini.

Leo asubuhi, kabla hatujanywa uji, mtu amebisha hodi. Alikuwa Kasilda na kikapu. Kuku wake waliobaki wametaga mawili. Nikamwambia tarehe 24 bado ni mbali, mayai hayatafaa tena.

“Haya si ya sanduku,” akasema. “Ni ya huyo binti, ale akifika. Mtu hawezi kuatamia na njaa.”

Anisia ameyaweka katika majivu makavu, ncha chini. Hayatakaa milele. Njoo upesi.

Baba yako mkubwa,
Nazario